Darasa la Mbegu Katika Banda la Ng'ombe

Shule yetu haikujengwa iwe shule. Ilikuwa banda la kukamulia ng'ombe, mali ya mzungu mmoja aliyekuwa na shamba kubwa nje ya Eldoret, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka mjini. Uhuru ulipokuja aliuza, akafunga mizigo, akaenda zake. Walionunua ni watu waliochanga pesa katika kampuni ya ardhi. Wengine walikuwa wenyeji wa papo hapo Uasin Gishu, wengine walitoka upande wa Kati na masufuria kichwani na watoto mgongoni. Hata kabla shamba halijakatwa vipande, walikuwa wameshakubaliana jambo moja: watoto wasome. Na kwa kuwa nyumba ya mzungu ilichukuliwa na ofisi ya kampuni, na ghala lilijaa familia zilizokuwa zikingoja ploti, shule ikapewa banda la ng'ombe.

Nilifika mwezi wa kwanza, nimetoka chuo cha ualimu juzi juzi, nimevaa viatu vya kisigino ambavyo havikumaliza wiki. Mimi nilizaliwa upande wa Turbo, kwa hiyo ng'ombe sikuwa mgeni nao. Lakini kufundisha ndani ya nyumba yao kulinichekesha. Sakafu ilikuwa ya simiti, na katikati ulipita mfereji wa kuondolea mkojo. Juu ya kila kizimba palikuwa na jina la ng'ombe, limeandikwa kwa rangi nyeupe, herufi nzuri kabisa. Watoto wa darasa la pili, ambao ndio niliopewa, walikaa wawili wawili ndani ya vizimba hivyo. Waliojua kusoma kidogo walisoma majina hayo kabla ya kitu kingine chochote, na wiki haijaisha walikuwa wanaitana kwayo. Nikisikia kelele uwanjani, "Mwalimu, ng'ombe wa pale mlangoni amenipiga!" nilijua nimwite nani.

Kitabu cha sayansi kilikuwa kimoja, nacho kilitoka Uingereza. Kilikuwa na picha za matufaha, theluji, na ndege mdogo mwenye kifua chekundu. Watoto walimtazama ndege yule kwa huruma wakaniuliza ni nani aliyemjeruhi. Nikakifunga kitabu. Nje ya mlango palikuwa na lundo la samadi ya miaka mingi, na kando yake birika la kunyweshea mifugo, ambalo bado lilipata maji ya bomba kutoka mtoni. Nikajiambia, mbona sayansi imejaa hapa nje?

Nikamwendea mwalimu mkuu. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, anayecheka kwa mabega bila sauti.

"Mzee, naomba mahali pa kulima na watoto."

"Wewe pia unataka shamba?" akasema. "Hapa kila mtu anataka shamba. Panga laini."

Mabega yakatingishika. Kisha akanitoa nje akanionyesha pembe iliyokuwa kati ya ukuta wa banda na mstari wa miti ya miwati. Ilikuwa imeota nyasi tu. "Lima hapo," akasema. "Hakuna mtu atakuuliza." Hapo alikosea, lakini sisi wote tulikuwa bado hatujui.

Somo la kwanza nililifanya hivi. Nilimwambia kila mtoto alete kitu anachofikiri kitaota akikizika udongoni. Nilitaka wajue wenyewe tofauti ya kitu chenye uhai na kisicho nao. Kesho yake wakaja mikono imejaa. Kulikuwa na mahindi, maharagwe, mbegu za malenge, na kiazi kilichoanza kutoa macho. Kulikuwa pia na kifungo, msumari, manyoya ya kuku, na yai ambalo mwenyewe aliapa kwamba litatoa kuku mwenye mizizi. Msichana mmoja mdogo, mwenye pengo la meno ya mbele, alileta chumvi ndani ya jani la mgomba.

"Chumvi, kweli?" nikamuuliza.

"Ikiota, Cucu hatanituma dukani tena," akasema.

Cucu ni nyanya kwa lugha ya kwao. Msichana huyu alikuwa akilelewa na nyanya yake, mjane aliyetoka upande wa Nyeri, mama mfupi, imara, asiyependa mchezo. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, siku aliyomleta mtoto. Alinitazama kuanzia kisigino mpaka nywele, akasema, "Haya," akaondoka.

Tulizika vyote. Tukamwagilia kwa makopo tuliyoyatoboa kwa msumari. Yai lilichimbuliwa na mbwa usiku wa kwanza, na mwenye yai akalia kana kwamba amefiwa. Chumvi ilikwenda na maji. Lakini maharagwe yalipata taabu kuliko vyote, kwa sababu kila asubuhi kabla ya kengele watoto waliyafukua kuona kama yameamka, kisha wakayarudisha yakiwa yamelala kichwa chini. Nikiwakataza, wanangoja nigeuke. Na mimi sikutaka kuwachapa kwa kosa la kutaka kujua.

Ndipo nikaleta gunia. Nililikata, nikalilowesha, nikawaonyesha jinsi ya kupanga mbegu juu yake, kulikunja kama mkeka na kuliweka pembeni mwa darasa likiwa bichi. Sasa mtu akitaka kuona mbegu inaamkaje, anafungua gunia, anatazama, anafunga. Hakuna kufukua tena. Siku mizizi myeupe ilipochungulia kwa mara ya kwanza, darasa zima lilipiga makelele, mpaka mwalimu mkuu akaja mbio akidhani nyoka ameingia. Alipoonyeshwa, akachutama na suti yake, akatazama kwa muda mrefu. "Nimepanda mahindi maisha yangu yote," akasema, "na sijawahi kuuona mlango ukifunguliwa."

Bustani nayo ikaendelea. Tulikuwa na matuta mawili ya sukuma wiki, moja lina samadi na jingine halina. Watoto walilipa la kwanza jina la Shibe na la pili Njaa. Walimwagilia yote sawasawa, maana nilikuwa nimewaambia tukipendelea moja hatutajua ukweli. Kila Ijumaa tulipima urefu kwa kijiti, na Njaa ilipozidi kubaki nyuma, kuna watoto walioionea huruma wakaiibia samadi kidogo kwa siri. Niliwajua kwa harufu ya mikono.

Sasa wazazi wakasikia. Walikuja wanne asubuhi moja, wanaume kwa wanawake, wakasimama mlangoni mwa banda na kofia mikononi. Aliyesema alikuwa mzee wa koti la jeshi, mtu aliyekuwa askari zamani na ambaye hakulivua koti lile hata jua liwe kali namna gani. Hakuwa na ukali. Alisema polepole.

"Mwalimu, mimi nimeshika jembe ya mzungu tangu nikiwa kama hawa. Nimenunua shamba yangu ndio mtoto wangu ashike kalamu. Sasa ananiambia leo shule walilima. Zamani kulima shuleni ilikuwa adhabu. Watoto wetu wamekosa nini?"

Swali hilo lilinichoma, kwa sababu alisema kweli. Hata mimi shuleni nilitumwa shamba la mwalimu kila nilipochelewa. Nikamwambia, "Mzee, hawajakosa. Hawalimi ili wachoke. Wanalima ili waulize."

"Waulize nani?"

"Waulize mmea."

Wakatazamana. Mama mmoja akaguna. Mwalimu mkuu akaingilia, akawaambia watupe mpaka mavuno waone, kisha akawaalika chai. Walikunywa chai lakini hawakusema ndiyo. Mzee wa koti alipokuwa akiondoka alisema tu, "Tutaangalia."

Mwezi wa pili ukaisha tukiwa hivyo. Kisha ikafika siku ya kugawa ploti. Mpima ardhi alikuwa ameshapiga vigingi shamba lote, na namba ziliandikwa kwenye vikaratasi vikatiwa ndani ya kofia kubwa ya jua ambayo mzungu aliisahau ukutani. Kila mwenye hisa alitia mkono akatoa yake. Siku hiyo hatukufundisha, maana nani angekaa darasani? Watu waliimba, wengine walilia, wengine walikwenda mbio kutafuta kigingi chao kabla ya giza. Niliona mzee wa koti la jeshi amelala kifudifudi katikati ya ploti yake, mikono ameitandaza. Nilidhani ameanguka. Kumbe alikuwa anainusa.

Shule iliachiwa banda na uwanja. Ila mstari wa mpima ardhi ulipita kando kabisa ya ukuta, na pembe ya bustani ikabaki upande wa pili, ndani ya ploti ya mtu. Na mtu huyo alikuwa nyanya wa yule msichana wa chumvi.

Alikuja asubuhi ya Jumatatu na jembe begani. Tulikuwa bustanini. Alitazama kigingi, akatazama matuta, akafuata mstari kwa jicho mpaka mwisho wa miwati.

"Mwalimu, hizi sukuma ni za nani?"

"Za watoto, Mama."

"Na shamba ni ya nani?"

"Ni yako, Mama. Hatukujua mstari utapita hapa."

"Sikuchanga pesa miaka yote ile ndio nipandie shule mboga," akasema. Hakupaza sauti. "Mvua iko karibu. Nataka kulima hii pembe pamoja na ile ingine. Ng'oeni vitu vyenu."

Watoto wakashusha makopo yao. Ningesema nini? Mwanamke amengoja ardhi maisha yake yote, sasa aje kuambiwa na kijana wa chuo kwamba asubiri? Nikasema, "Sawa Mama. Tupe siku chache tuhamishe."

Mjukuu wake akamshika leso. "Cucu, kuja uone gunia kwanza."

"Gunia gani?"

"Kuja tu."

Akavutwa hadi ndani ya banda, jembe lingali begani. Mtoto akafungua gunia lililokuwa na maharagwe ya juma lile. Mengi yalikuwa yameamka, machache yalikuwa yameoza.

"Hizi hatupandi," msichana akasema, akionyesha zilizooza. "Hizi zimekufa."

Nyanya akacheka kidogo. "Mbegu inajulikana ikiwa kwa udongo."

"Na ikikataa kwa udongo?"

"Tunapanda tena."

"Na mvua ikiwa imeenda?"

Nyanya akateremsha jembe begani. Alisimama pale, chini ya jina la ng'ombe wa mzungu, akitazama ile mizizi myeupe. Halafu akasema, "Haya," kama siku ile ya kwanza, akatoka.

Kesho yake alirudi. Alifungua pembe ya leso, akanimiminia mahindi kiganjani. Ilikuwa mbegu aliyoiweka tangu mwaka uliopita, ndani ya debe, kwa ajili ya ploti yake mwenyewe atakayoipata siku moja. Alikuwa amehama nalo kutoka nyumba hadi nyumba. "Hebu watoto wako waulize hii," akasema.

Nilimpa kila mtoto mbegu kumi, sawa na idadi ya vidole vyake, tukazipanga katika magunia. Siku zile za kungoja nilikosa usingizi. Nilikuwa nimeona vitundu vidogo kwenye punje kadhaa, kazi ya fukusi, wale wadudu weusi wanaokula nafaka ghalani. Nikamwambia mwalimu mkuu. Naye akasema, "Ungekuwa mwanasiasa ungemwambia zote zimeota, yeye afurahi, na wewe ubaki na bustani." Mabega yakacheka, kisha yakatulia. "Lakini wewe ni mwalimu. Pole."

Siku ya kufungua, nyanya alikuja akaketi juu ya ukingo wa kizimba. Nikawaambia watoto: nyoosheni mikono yote miwili, kwa kila mbegu iliyokufa, kunjeni kidole. Wakafungua magunia yao wakaanza kukunja. Walikunja, wakaendelea kukunja. Nilipotazama darasa niliona ngumi tupu, na hapa na pale kidole kimoja au viwili vimesimama. Msichana wa chumvi alikuwa amekunja vyote. Alitazama mikono yake, akamtazama nyanya yake, na mdomo ukaanza kutetemeka.

"Usilie," nyanya akasema. "Si wewe umeziua."

Nilitamani sakafu ile ya simiti ipasuke nizame. Kisha akainuka, akapangusa marinda. "Ningelima ile shamba yote," akasema, si kwangu, ni kama kwa ng'ombe waliokwisha ondoka. "Ningepanda yote, nikae mlangoni nikingoja." Akanigeukia. "Mvua itanyesha lini?"

"Wanasema karibuni, Mama."

"Basi wacha nikimbie."

Alikwenda kwa jirani, mwenyeji wa pale, ambaye alikuwa na mbegu nzuri. Sijui walikubaliana vipi. Nilimwona tu akirudi na mfuko kichwani. Lakini alipita shuleni kwanza. "Waulizeni na hizi," akasema, "kabla sijamshukuru." Safari hii watoto walisimamisha vidole karibu vyote, wakavitingisha hewani wakipiga vigelegele, na nikamwona nyanya yule anacheka mdomo wazi kwa mara ya kwanza. Alikuwa na pengo la meno mahali pale pale mjukuu wake alipokuwa nalo.

Kuhusu kuhamisha bustani hakusema neno tena. Mvua ilipokuja alilima ploti yote akaizunguka pembe yetu kama mtu anavyozunguka mtoto aliyelala njiani.

Habari zilitembea zenyewe. Ndani ya siku chache wazazi walipanga laini mlangoni mwa banda na mbegu ndani ya vitambaa, soksi, vikombe, hata ndani ya kofia ya kanisani. Watoto wangu wakawa watu wa maana. Walijua mahindi ya nani yako macho na maharagwe ya nani yamekufa, na ilinibidi kuwafundisha kwamba matokeo ya mtu hayatangazwi njiani.

Mzee wa koti la jeshi alikuja wa mwisho. Mbegu zake zilikataa vibaya. Akawaka.

"Mmeziua na maji! Mbegu yangu ilikuwa nzima!"

"Mzee, chukua gunia ufanye mwenyewe nyumbani," nikamwambia. "Lowesha kidogo tu, ufunge, ungoje."

Akalibeba gunia chini ya koti kama mtu anayeficha mtoto wa mbwa. Wiki ikapita, hatukumwona. Aliyekuja ni mke wake, na alikuwa akicheka hata kabla hajafika mlangoni. Alitueleza kwamba mumewe aliliweka gunia chini ya kitanda, akalifungua asubuhi, mchana na jioni, akalisemesha. Mwishowe alilitupa nje akatangaza kwamba mbegu zile aliuziwa na mwongo. "Sasa amenituma," mama akasema, "lakini msiseme amenituma." Akatoa mbegu mpya mfukoni.

Mwaka ule ulikuwa mzuri. Mvua ya mawe ilipiga mara moja tu, mwezi wa saba, ikatoboa majani ya Shibe na Njaa bila ubaguzi. Mahindi yakaja juu ya vichwa vya watu, na ukipita barabarani kuelekea Turbo ulisikia yakinong'ona pande zote mbili. Katika mkutano wa kampuni baada ya mavuno, jambo la bustani likatokea, kwa sababu karani alitaka kila mpaka ukae sawa. Nilikuwa nimejitayarisha kwa maneno mengi ya kujitetea. Sikuyatumia. Nyanya wa msichana alisimama kabla yangu.

"Hiyo pembe iachieni shule," akasema. "Mimi nipeni kipande kama hicho kule chini, karibu na mto, kile hakuna mtu alikichukua."

"Kile kina maji maji, Mama," karani akamwonya.

"Nitapanda nduma, hizo zinapenda maji. Wewe andika."

Mzee wa koti akanyoosha mkono kuunga. Akasema kulima shuleni si jambo baya, ilimradi kunafanywa kwa akili, na kwamba yeye alikuwa akisema hivyo tangu mwanzo. Mke wake akainamisha kichwa, akafunika mdomo kwa leso. Mpima ardhi alirudi baadaye akahamisha kigingi, na darasa la pili lilimsindikiza kila hatua, likimuuliza maswali mpaka akaomba maji.

Nilifundisha pale miaka kadhaa, kisha nikahamishwa kwenda Timboroa. Nilisikitika, nikalia kidogo nyuma ya birika, halafu nikapanda gari la maziwa na sanduku langu. Kule juu ni msitu, ukungu na baridi ya kukata masikio. Niliyoyajua juu ya mahindi hayakunifaa kitu; kule watu walipanda viazi na pareto. Asubuhi yangu ya kwanza darasani, watoto nisiowajua walikuwa wameketi wamejikunyata ndani ya masweta. Mlango ukafunguliwa, akaingia mmoja aliyechelewa, ameshika kwa mikono miwili kipande chembamba cha barafu alichokitoa kwenye ndoo ya nje. Kilikuwa kinamdondokea magotini.

"Mwalimu," akasema, "hii kitu ni mawe ama ni maji?"

Nikaweka chaki chini, nikawaambia wote watoke nje.